Kamanda Asiyenyolewa

Mkutano wa wanaume wa Bulenja ulikuwa umefika pale panaponoga, watu wakirushiana vijembe kuhusu nani atachinja ng'ombe na nani atajificha nyuma ya kuku, Simendu Lambal alipoingia na vijana wake wenye bunduki. Alivaa koti la jeshi lililopauka mabegani na miwani myeusi, ingawa mbingu ilikuwa nzito kwa mawingu ya mvua. Akasimama katikati ya uwanja, akakohoa kidogo, kama mheshimiwa anayesubiri makofi.

"Nimesikia mmepanga Bukut," akaanza. "Sasa mimi, kama mkuu wa eneo hili, nataka kusema..."

"Nani kamruhusu mtoto huyu azungumze?"

Aliyeuliza ni Kapuso, msimamizi wa msitu wa jando, na wala hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza mbuzi huyu ni wa nani. Kisha mtu mmoja huko nyuma akakohoa kwa namna ambayo kila mtu alijua ni kicheko kilichobanwa, mwingine akakibana chake vibaya zaidi, na mara uwanja mzima ukawa unacheka, wengine mpaka machozi.

Simendu akashika bunduki. "Mnajua mnamcheka nani?"

"Tunajua," akasema Kapuso. "Tunamcheka mtoto wa Aloendi. Ukitaka kutupiga risasi, haya, tupige. Lakini kuzungumza hapa, huzungumzi."

Na kweli hakuzungumza. Hilo ndilo la ajabu. Mtu aliyekuwa akifunga barabara ya kwenda mjini kwa neno moja, mtu ambaye akipita, mbwa wenyewe hupunguza kubweka, aligeuka na kuondoka kama aliyefukuzwa jikoni. Na alipogeuka alimwona Malan, naibu wake. Malan alitoka kijiji kingine na alikwisha kutoka jandoni kwao zamani. Alikuwa akiangalia viatu vyake kwa bidii nyingi, mashavu yamemvimba kwa pumzi aliyoizuia.

Kicheko cha wazee Simendu angeweza kukisahau. Mashavu ya Malan hakuweza.

Kwetu Kasamansi, upande huu wa mito, Bukut, jando letu, huja mara moja katika kizazi. Wavulana wote walio hai huingia msituni pamoja, wanaobebwa mgongoni na wenye ndevu, na wakitoka ni wanaume. Yanayofanyika humo asiyeingia hayajui, na aliyeingia hayasemi, hata umbembeleze vipi. Asiyeingia hubaki mtoto. Anaweza kuota mvi, anaweza kuwa na gari, bado ni mtoto: hasemi mkutanoni, harithi majaruba ya baba yake, na akifa anazikwa pembeni, pamoja na vichanga. Simendu alikuwa ameshapita umri wa miaka arobaini. Bukut nyingine baada ya hii ingemkuta kikongwe au asimkute kabisa. Ilikuwa hii au basi.

Ile iliyotangulia alikuwa tayari kuiingia. Alikuwa kijana wa miguu mirefu, mkwezi hodari wa michikichi, mwenye sauti iliyosikika kutoka upande mmoja wa mpunga hadi mwingine. Mama yake, Aloendi, alitoka Kasel, kile kijiji cha ng'ambo ya majaruba, na kaka yake Aloendi, Ajakut, alikuwa amenenepesha ng'ombe na kunoa wembe. Kwa sababu kabla ya kuingia msituni mvulana lazima anyolewe, na anayemnyoa ni mjomba, kaka wa mama yake. Si baba, si rafiki, si kinyozi wa sokoni. Mjomba. Na kwa mjomba haendi kwa njia yoyote tu. Anafuata njia ileile aliyopita mama yake siku alipoletwa bibi arusi, kwa miguu, kichwa wazi. Kwa Simendu njia hiyo ilikuwa tuta kubwa, lile linalokata majaruba katikati kutoka Bulenja mpaka Kasel.

Siku chache kabla, askari walikuja. Walimkuta baba yake shambani, jembe refu la mpunga begani, wakasema analisha waasi. Walimpakia kwenye lori pamoja na jembe lake, na mpaka leo hakurudi yeye wala jembe. Simendu akatoroka, akavuka mpaka wa Bisau, akajiunga na wale wa msituni waliosema Kasamansi itajitawala. Hapo hakuna wa kumlaumu. Hata wanaomchukia kabisa husema hapo hawamlaumu. Lawama zinaanzia mbele.

Huko kambini alipanda haraka, kwa sababu wakubwa wake walikufa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki walichoka, na yeye alikuwa na sauti. Mwanzoni alikuwa akija kijijini na kuzungumzia uhuru mpaka watu wanasisimka: shule zetu, mpunga wetu, bendera yetu. Miaka ikaenda. Akaanza kuzungumzia korosho. Hakuna kuokota korosho bila ruhusa yake. Hakuna kukata mti bila ruhusa yake, isipokuwa yeye, ambaye magogo yake yalivuka mpaka kila kiangazi. Bendera hakuna aliyeiona tena.

Mjomba Ajakut hakuomba ruhusa. Aliingia kwenye mikorosho yake mwenyewe na kapu, na vijana walipomkamata aliwaambia, "Mwambieni mkubwa wenu nilipanda miti hii yeye akijikojolea kitandani." Wakampeleka kambini, wakarudia maneno yale neno kwa neno. Simendu alikuwa ameketi juu ya gogo, akimenya chungwa. Hakuinua macho. Akasema tu, "Sheria ni moja kwa wote." Wakamkata mzee sikio la kushoto. Simendu aliendelea kumenya mpaka ganda likatoka zima, refu, bila kukatika, na walioona wanasema alilitazama ganda lile kwa kuridhika.

Tangu siku hiyo Aloendi hakusema na mwanawe. Simendu akimletea mchele, anawamwagia kuku.

Halafu kuna mabomu. Askari walipoweka kambi yao Kasel, Simendu aliyatega mwenyewe kwenye majaruba na kwenye tuta kubwa, yeye na wenzake wawili, ambao sasa wote ni marehemu. Askari walipohama, wanawake walitaka kurudi mashambani, maana ghala bila mpunga ni nyumba ya panya. Wakaenda kwake. Naye akaja, akasimama ukingoni, akanyoosha mkono mzima, kidole mpaka bega: "Hapa limeni. Pale msikanyage. Tuta lile dogo piteni kushoto." Hakusita hata mara moja. Kwa kazi hiyo alichukua fungu katika kila mavuno, na watu walimpa huku wanamlaani kimoyomoyo, kwa sababu ni nani mwingine aliyejua?

Terena alikuwa mmoja wa waliolima alipoonyeshwa. Bomu lilimchukua mguu chini ya goti. Simendu alifika, akaangalia, akatikisa kichwa. "Nilimwambia kushoto. Amekwenda kulia." Na watu waliamini. Mume wake aliamini. Mama mkwe wake alisema wanawake wa siku hizi hawasikii. Terena peke yake alisema, "Nilikwenda kushoto," akalisema hospitalini, akalisema kanisani, akalisema sokoni akiwa kwenye magongo, mpaka watu wakaanza kumwona kama santuri mbovu.

Basi. Baada ya kile kicheko cha uwanjani, Simendu alipanda pikipiki, akazunguka kwa barabara mpaka Kasel, vijana wake wakimswaga ng'ombe nyuma. Alimkuta mjomba wake mlangoni, akitengeneza kamba ya kukwelea michikichi.

"Mjomba."

"Nani?" Ajakut akageuza kichwa. "Ongea upande huu. Upande ule mlichukua."

"Ni mimi. Simendu."

"Aa, mtoto wa dada yangu! Umekua. Na miwani juu."

Simendu akaivua. "Nimekuletea ng'ombe."

Ajakut akainuka, akamzunguka yule ng'ombe, akampapasa mgongo, akamshika sikio. "Huyu ana alama ya Kapuso. Angalia, mkato huu ni wake. Lakini masikio anayo yote mawili, tumshukuru Mungu."

"Nitaleta mwingine."

"Wa nani?"

Vijana wakatazama pembeni. Simendu akahamia upande wa sikio zima. "Mjomba, nimekuja unyoe kichwa changu. Mara ile sikuja. Unajua kwa nini sikuja."

Kwa mara ya kwanza uso wa Ajakut ukalegea kidogo. "Najua. Nilikulilia siku ile. Tulimla yule ng'ombe niliyemnenepesha, na kila tonge lilinikwama." Akavuta fundo la kamba kwa meno, akalikaza. "Sasa niambie. Leo umepita wapi kuja hapa?"

"Barabarani."

"Kwa pikipiki."

"Kwa pikipiki, ndiyo."

"Basi wewe ni mgeni. Karibu, mgeni, tembo lipo, bado tamu. Lakini mgeni simnyoi."

"Watoto wote wa Bulenja ambao mama zao wametoka huku watakuja kwa barabara! Kapuso amewaruhusu!"

"Wao walifungiwa njia, wakasamehewa. Wewe hukufungiwa. Wewe uliifunga." Ajakut alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Njoo kwa tuta kubwa. Kwa miguu, kichwa wazi, bila bunduki. Ukifika nitakunyoa. Siwezi kukataa, hata nikitaka. Na nataka sana."

"Na nikikulazimisha?"

"Nielekeze bunduki nikunyoe. Utapata kipara, Simendu. Kipara kizuri sana. Jando hutalipata."

Habari ikavuka majaruba kabla ya pikipiki kuzunguka. Na sasa sikilizeni jambo la kuchekesha, kama linachekesha: watu wa Bulenja walimkasirikia Ajakut. Walisema amemwachia kirahisi mno! Mwenye kuyatega ndiye huyo, anajua kila moja lilipo, atapita akipiga mluzi, atanyolewa, atatoka msituni mwanamume, na kuanzia hapo tutamsikiliza uwanjani mpaka tufe. "Sikio zima lile," alisema mama mmoja kisimani, "halafu adhabu yake ni matembezi?"

Kambini mambo yalikuwa vilevile. Nusu ya vijana wake walikuwa wa Bulenja, nao walikuwa wamekwisha kuomba ruhusa ya kwenda jandoni. Hakuweza kuwanyima, mama zao wangekuja kuwafuata kambini. Alijaribu kuwaambia wakusanye ng'ombe wa kijiji wawapitishe kwanza juu ya tuta.

"Ng'ombe wa nini, Mkuu?" akauliza Malan.

"Wa kusafisha njia."

"Kusafisha nini? Si uliyatega mwenyewe? Pita tu pale ulipoacha wazi."

Malan hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza kwa dhati, na vijana wote walikuwa wanasubiri jibu, na jibu alilokuwa nalo Simendu lilikuwa moja tu, ambalo kulisema kwake ilikuwa sawa na kujivua nguo. Akawatazama. Akasema, "Nilikuwa nawapima tu. Nitapita."

Siku hiyo usingizi wa mchana ulimpaa. Alilala chali kwenye jamvi, akajaribu kukumbuka. Aliona mikono yake ikichimba udongo. Aliona mwenzake akimpa bomu kama anayempa sahani. Lakini wapi? Kabla au baada ya mkoko ule mdogo? Na mkoko wenyewe uko wapi siku hizi? Tangu wakati ule mvua zilikuwa zimebomoa tuta mara ngapi, maji ya chumvi yamepanda na kushuka, kaa wamechimba, wanawake wamejenga upya kingo. Hata ganda la chungwa lile alilikumbuka vizuri zaidi.

Siku ya kunyolewa ilifika na manyunyu mepesi. Bulenja nzima ilijaa ukingoni mwa majaruba, wanawake na vitambaa vyao vya rangi na vikapu vya miche vichwani, wazee, wavulana waliovishwa shanga wakisubiri kupanda gari la kuwazungusha kwa wajomba zao. Ng'ambo, mbali, watu wa Kasel walionekana wadogo kama kunguru, na mmoja wao alikaa kwenye kigoda. Huyo ni Ajakut.

Simendu akaja bila koti, bila bunduki, kichwa wazi. Bila vitu vile alionekana mwembamba, tena mfupi. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Ndiye huyu?" na mama yake akamfinya.

Akaanza kutembea. Mwanzo wa tuta ulikuwa mwepesi, wanawake hupita pale kila siku kwenda kupandikiza miche. Alitembea vizuri, mabega wazi, na watu wakaanza kuguna kwa uchungu, wakiona kweli anapita. Kisha akafika pale majani yanapoanza, mahali ambapo hakuna unyayo wa mtu tangu vita vile. Akasimama.

Akasimama sana.

"Kamanda!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Umeota mizizi?"

"Anatafuta kengele ya mlango!"

"Mpelekeni kiti, jamani, mkubwa amechoka!"

Simendu alisikia yote. Jasho lilimtoka kana kwamba analima. Aliinua mguu wa kulia, akaushusha palepale. Aliinua wa kushoto. Nyuma yake kicheko kikaongezeka, na ndani ya kicheko alisikia sauti za vijana wake mwenyewe. Mbele, yule mdogo kama kunguru alikuwa amesimama kutoka kwenye kigoda chake.

Ndipo akasikia nyayo zikija juu ya tope. Alikuwa Aloendi, mama yake, kikongwe wa kilo chache, amekunja kanga yake mpaka magotini kama mtu anayekwenda shambani. Hakumsalimia. Miaka yote ile ya kimya, na la kwanza alilomwambia lilikuwa hili:

"Unaaibisha watu. Nifuate."

"Mama, rudi."

"Njia hii naijua. Nilipita na mtungi kichwani, na ngoma nyuma. Unataka kuzikwa na vichanga? Mimi sitaki." Akapita ubavuni pake, akaingia kwenye majani. Hatua moja. Ya pili. "Si unajua yalipo? Wewe niambie tu. Kulia au kushoto?"

"Mama!"

"Kulia au kushoto, Simendu?" Akainua mguu, ukabaki hewani, kisigino kimepasuka, tope likidondoka. "Sema basi, sina siku nzima."

"Sijui!"

Ilitoka kwa sauti ileile iliyosikika zamani kutoka upande mmoja wa mpunga hadi mwingine. Ukingoni kicheko kilikatika kama kilichomwagiwa maji.

"Usikanyage! Mama, simama hapo hapo! Sijui yalipo! Sijawahi kujua, tangu mvua ya kwanza sijui hata moja!"

Aloendi akarudisha mguu wake taratibu, akauweka juu ya alama aliyoiacha. Hakugeuka.

Simendu akaingia. Alikanyaga alama za mama yake, ya kwanza, ya pili, vidole vyake vikubwa vikifuta vile vidogo. Akamshika kiunoni, akamwinua kama anavyoinuliwa mtoto aliyelala, akarudi kinyumenyume kwenye alama zilezile. Walipofika kwenye udongo uliokanyagwa, Aloendi akasema, "Nishushe," na aliposhushwa akapangusa kanga yake pale mikono ya mwanawe ilipogusa. Ng'ambo, Ajakut aliona mtu aliyegeuka nyuma. Hakusikia neno, lakini hilo lilimtosha. Akabeba kigoda chake, akaenda kuwasubiri wapwa wengine.

Upande wa Bulenja magongo yakasikika, tak, tak, na watu wakampisha Terena. Alikwenda mpaka mbele ya Simendu, karibu sana, mpaka yeye ndiye aliyerudi nyuma.

"Rudia," akasema.

"Terena..."

"Rudia nisikie. Siku ile uliponinyooshea mkono. Ukaniambia kushoto."

"Nilibahatisha," akasema Simendu chini kwa chini.

"Paza sauti. Mume wangu yuko nyuma kule, hasikii vizuri siku hizi."

"Nilibahatisha! Nilikuambia kushoto, ukaenda kushoto."

Mume wa Terena alikuwa amevua kofia. Terena hakumtazama.

Malan akasogea mbele ya vijana. Akaivua bunduki yake begani, akaiegemeza kwenye ukuta wa ghala la mpunga. "Wa Bulenja, panga mstari," akasema. "Gari la Kasel linaondoka. Wengine, mliokwisha kutoka jandoni, nifuateni kwa Kapuso."

"Malan!" Simendu akaita. "Sijatoa amri."

"Nimeona," akajibu Malan, na wala hakugeuka. Bunduki zikaegemezwa moja moja ukutani, kama majembe jioni, na vijana wakaenda. Baadaye kidogo ngoma ya msituni ikaanza kulia, ikamaanisha kwamba njia za kijiji sasa ni za wanaume na wanaoingia kuwa wanaume, na wengine wote wabaki mbali. Wazee wakaondoka. Wakabaki wanawake, watoto wa kike, na Simendu.

Alitazama barabara ya kambini. Ilipita mbele ya msitu. Hakuwa na pa kwenda.

"Kaa," Terena akamwambia.

Akakaa juu ya tuta. Wanawake wakasogea, wakamzunguka, vikapu vya miche vikiwa bado vichwani.

"Majaruba ya chini ya mkoko," akasema Terena. "Uliniambia ni salama."

"Sijui."

"Tuta la kwa Kapuso."

"Nafikiri... Sijui."

"Usifikiri. Ulifikiri vya kutosha. Kando ya kisima cha zamani?"

Simendu akafuta uso kwa kiganja. "Pale tulitega mawili. Halafu ukingo ukabomoka, maji yakachukua udongo wote kuelekea bondeni. Sijui yaliishia wapi."

Hapo hakuna aliyemtukana tena. Kila mmoja alianza kutaja shamba lake, kwanza kwa zamu, kisha wote pamoja, la juu, la bondeni, la mikindu miwili, na yeye anatikisa kichwa, anatikisa kichwa. Mama mmoja mrefu aliyekuwa nyuma kabisa hakusubiri zamu yake ifike. Aliposikia neno bondeni, kapu la miche lilimwanguka, na alikuwa amekwisha kutimua mbio kandokando ya majaruba, akiliita jina la binti yake aliyemtuma kule asubuhi, akimwambia asisogee, asimame, asimame hapo hapo alipo.